Mwenye Kujua Mtoto Anadhuriwa, Sheria Yamtaka Aseme



Kuna swali ambalo walimu, wauguzi na makatekista huuliza kwa sauti ya chini, aghalabu baada ya Misa, watu wakiisha kutawanyika: "Padre, nimeona jambo kwa mtoto wa watu. Sina hakika nalo. Je, niseme, au nijikalie kimya?" Swali hilo si dogo. Mwenye kuuliza aogopa kuvunja nyumba ya watu, aogopa kumsingizia asiye na kosa, aogopa kuitwa mahakamani, tena aogopa macho ya majirani. Upande wa pili yupo mtoto, ambaye labda usiku wa leo atalala chini ya paa moja na mtu anayemdhuru. Katika somo hili twataka kueleza sheria ya nchi yetu yaagiza nini, sheria ya Kanisa yaagiza nini, na mtu ambaye kazi yake ni kuhudumia watoto afanye nini siku ile anapoona alama zisizompendeza.

Tusidhani ya kuwa jambo hili lilijulikana siku zote. Zamani hata madaktari hawakuliona. Mwaka 1946 daktari mmoja wa Marekani, John Caffey, mtaalamu wa picha za eksirei, alichapisha habari za watoto wachanga sita waliokuwa na damu iliyovujia chini ya utando wa ubongo, na papo hapo mifupa yao mirefu ilikuwa imevunjika mahali pengi. Wazazi hawakuwa na maelezo ya kutosha. Caffey aliandika aliyoyaona, lakini hakutamka waziwazi ni mkono wa nani uliovunja mifupa ile. Ikapita miaka 16. Mwezi wa Julai 1962, Dk. C. Henry Kempe wa Denver, pamoja na wenzake, akatoa makala iliyoitikisa dunia ya waganga. Walikuwa wameuliza hospitali mbalimbali, na hospitali 71 zikawapa habari za watoto 302 waliopigwa au kuumizwa na watu waliowalea. Katika hao, 33 walikufa, na 85 walibaki na madhara ya kudumu katika ubongo. Kempe akaongeza neno chungu kwa wenzake: madaktari wengi huona vigumu mno kukubali ya kuwa mzazi aweza kufanya hivyo, na kwa hiyo hutafuta maelezo mengine. Kati ya mwaka 1963 na 1967 majimbo yote ya Marekani yakatunga sheria za kuwalazimisha madaktari, na baadaye walimu na wengine, kutoa taarifa.

Yafaa tuitazame vema sababu ya sheria hizo. Hazikutungwa kwa kuwa madaktari wale walikuwa watu wabaya. Zilitungwa kwa kuwa daktari mwema, akimwona mama aliyevaa vizuri na mwenye kusema kwa adabu kwamba mtoto "alianguka kitandani," hupenda kumwamini. Moyo wa binadamu una ustadi wa ajabu wa kutoona kile ambacho kukiona kutaleta taabu. Sheria humwambia daktari huyo: hukuombwa umwamini mama huyu wala usimwamini, ukiona alama hizi, toa taarifa. Nami naona kuna huruma fulani ndani yake, hata kwa mtoa taarifa mwenyewe. Mwalimu aliyeamriwa na sheria aweza kumwambia mzazi mwenye hasira, "Sikukuchukia, ndugu yangu, kazi yangu yanilazimisha." Mwalimu aliyeachiwa achague kwa hiari yake hana ngao hiyo.

Sheria ya nchi yetu

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. (Zanzibar wana sheria yao wenyewe, ya mwaka 2011.) Kwa sheria hiyo, mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Basi msichana wa kidato cha tatu, ambaye majirani humwita "mtu mzima" kwa kuwa amekua kimo, ni mtoto mbele ya sheria, wala maneno ya majirani hayambadilishi.

Kifungu cha 95 cha sheria hiyo, kama ilivyopitishwa mwaka 2009, ndicho kinachotuhusu zaidi. Chasema kwa maana hii: mwanajamii ye yote mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au ndugu anayekaa na mtoto anao uwezo lakini akataa au apuuza kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na nafasi ya kucheza, ana wajibu wa kulipeleka jambo hilo kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya mahali pale. Msomaji aangalie maneno mawili: "ushahidi au taarifa." Sheria haikungoja mpaka mtu awe amethibitisha. Kupata habari ya kweli ya kutia shaka yatosha kumfungua mtu kinywa.

Mtu mwenye kupenda hoja atauliza: mbona daktari na mwalimu hawakutajwa kwa cheo chao? Ni kweli, nchi nyingine ziliwataja. Afrika Kusini, katika kifungu cha 110 cha Sheria ya Watoto, Na. 38 ya 2005, waliandika orodha ndefu sana: daktari, mwuguzi, mkunga, mwalimu, mwanasheria, afisa ustawi wa jamii, mganga wa jadi, kiongozi wa mila, hata kiongozi wa dini. Sisi katika kifungu kile tulichagua kumtaja kila mwanajamii. Hapo ndipo watu wengi hujikwaa, wakifikiri kwamba wajibu wa wote si wajibu wa mtu. Hasha! Mwalimu haachi kuwa mwanajamii anapoingia darasani. Tena yeye ndiye mwenye taarifa kuliko jirani, kwa sababu amwona mtoto siku tano katika juma, aona anavyoketi, anavyoandika, anavyoshtuka mtu akiinua mkono. Mwuguzi ndiye amvuaye mtoto nguo ili ampime. Ujuzi wao waongeza uzito wa wajibu wao, haupunguzi.

Iko sheria nyingine ambayo watu wachache huikumbuka, nayo ni ya zamani kuliko hiyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu chake cha 7, yaagiza kwamba mtu ajuaye kuwa kosa la jinai limetendwa, au lakusudiwa kutendwa, atoe habari bila kukawia kwa askari polisi au kwa mwenye mamlaka wa mahali pale, naye azifikishe kituo cha polisi kilicho karibu. Na kifungu hicho hicho chaongeza ulinzi ambao walimu na wauguzi wangefaa kuujua kwa moyo: mahakama haitapokea shauri, liwe la jinai au la madai, dhidi ya mtu kwa sababu ya hasara iliyotokana na habari alizozitoa kwa kufuata agizo hilo. Yule aliyesema, "Nitashitakiwa nikikosea," basi na ajue ya kuwa sheria ilikwisha kumfikiria. Zaidi ya hayo, mwaka 2015 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi, kwa ajili ya wale wanaofichua uhalifu kwa nia njema.

Kwa wakuu wa shule agizo ni wazi zaidi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayempa mimba mwanafunzi, tena yalimwagiza kila mkuu wa shule atunze kumbukumbu na kupeleka kwa Kamishna wa Elimu, kila robo ya mwaka, taarifa kamili ya ndoa na mimba za wanafunzi na hatua za kisheria zilizochukuliwa juu ya wakosaji. Zamani walimu wengine, kwa huruma isiyo na mwanga, walificha mimba ya mwanafunzi ili binti asifukuzwe shule. Na kwa kuificha mimba walimficha na baba yake, ambaye pengine alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Sababu ile ya huruma imeondoka. Anayeficha leo amficha nani, na kwa faida ya nani?

Je, sheria yakataza kumrudi mtoto? Swali hili huulizwa kila mara na wazazi, mara nyingine kwa ukali. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto chakataza mateso na adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, pamoja na mila zinazomdhuru mtoto mwili au akili. Kisha chasema kwamba kumrudi mtoto hakukubaliki ikiwa kumepita kiasi kwa namna au kwa ukali, kwa kulinganisha na umri wake na hali ya mwili na akili yake, wala ikiwa mtoto ni mdogo hata hawezi kuelewa sababu. Basi mtoto wa miaka miwili aliyepigwa kwa waya kwa kukojoa kitandani hakurudiwa, amejeruhiwa. Mzazi anayemlea mtoto wake kwa nidhamu na upendo hana sababu ya kuiogopa sheria hii, na mwalimu hana sababu ya kukimbilia polisi kwa kila mtoto aliyekemewa.

Mambo yasiyomalizwa nyumbani

Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili kwa watoto, ukatangazwa mwaka 2011. Vijana wa umri wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa habari za utoto wao. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walitendewa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Walio wengi katika wasichana na wavulana, karibu robo tatu, walipigwa au kuumizwa mwili. Na katika wale walioharibiwa kijinsia, nusu tu ya wasichana na theluthi tu ya wavulana walimwambia mtu ye yote. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Wavulana wawili kati ya watatu walibeba jambo lile peke yao; shuleni walifundishwa hesabu, parokiani walifundishwa katekisimu, na hakuna aliyejua.

Lakini tuwasemee pia wale ambao walisema, kisha wakubwa wao wakakaa kikao. Namna yake yajulikana. Binti amwambia mama. Mama amwambia baba. Baba awaita wazee. Mtuhumiwa naye ni shemeji, au ni mpangaji anayelipa kodi vizuri, au ni mtu anayeheshimiwa kanisani au msikitini. Kikao chakaa mpaka usiku. Mwisho wake ni mbuzi wawili, au fedha, au ahadi ya ndoa. Watu wapeana mikono, na mtoto aambiwa asilitaje tena neno hilo. Wazee husema, "Tumeyamaliza nyumbani."

Hawakumaliza kitu. Kumbaka mtoto si deni kati ya jamaa mbili hata liweze kulipwa na kusamehewa. Ni jinai, na mwenye kushitaki ni Jamhuri. Baba wa mtoto hana mamlaka ya kuifuta, wala mjomba, wala mwenyekiti wa kijiji, wala paroko. Kwa sheria iliyoimarishwa mwaka 1998, adhabu ya kubaka haipungui kifungo cha miaka 30, na mtoto akiwa msichana chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Watu wengine hudhani kwamba bila shahidi wa pili kesi haisimami, maana wabakaji hawaalikani mashahidi. Sivyo. Sheria ya Ushahidi yaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, maadamu hakimu ameridhika kwamba mtoto asema kweli. Basi wale wazee waliosema, "Hakuna ushahidi, tuchukue mbuzi," walikuwa na ushahidi mbele yao, umeketi mkekani unalia.

Kuna na sababu ya tiba. Kikao cha siku tatu chaweza kumgharimu mtoto uhai. Dawa za kuzuia maambukizo ya virusi vya UKIMWI baada ya kubakwa hazina budi kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Alama za mwili hufutika, nguo hufuliwa. Mama aliyemwogesha mtoto kwa mapenzi, ili amwondolee uchafu wa yule mtu, bila kujua ameondoa na ushahidi.

Yafaa kutofautisha. Uzembe wa mzazi ambaye hampeleki mtoto shule, au anayekunywa fedha za chakula, aghalabu huanzia kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye sheria yampa nafasi ya kumwita mzazi huyo, kuzungumza naye na kutoa uamuzi kwa manufaa ya mtoto. Akikaidi, jambo lafika mahakamani. Huko mazungumzo yana mahali pake, na mara nyingi nyumba huponywa. Lakini kipigo cha kujeruhi, kubaka, kulawiti na kukeketa ni kazi ya polisi, na mazungumzo ya pembeni na mtuhumiwa humpa tu muda wa kukimbia au wa kumtisha mtoto.

Juu ya amri ya nane

Wakristu waaminifu huleta pingamizi la dhamiri, nalo lastahili jibu la heshima. Wasema: amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo, tena yatukataza kufunua makosa ya mtu bila sababu ya haki. Je, nikitaja shaka yangu, na mtu huyo akawa hana kosa, sikumwibia jina lake jema?

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili ni ya zamani na ni wazi. Dhambi ya kusengenya ni kufunua kosa la mtu kwa asiyepaswa kulijua, pasipo sababu ya kutosha. Masingizio ni kusema uongo unaomharibia mtu heshima. Kumweleza mwenye mamlaka halali jambo nililoliona, kama nilivyoliona, ili mdogo asidhuriwe, si moja wala si nyingine. Mwalimu asiseme, "Fulani ni mbakaji." Aseme, "Mtoto huyu ameniambia maneno haya, siku hii. Nimeona alama hii mahali hapa." Kuchunguza ni kazi ya wengine, na kuhukumu ni kazi ya hakimu. Tena hapa naomba ruhusa ya kusema neno la kando: watu wale wale wanaokataa kumwambia afisa wa serikali kwa kuogopa kusingizia, mara nyingi wamekwisha kuwaambia shoga zao watatu kisimani. Huko ndiko jina la jirani lilikoharibiwa, na mtoto hakupata faida yo yote.

Kanisa lajidai nini kwake lenyewe

Tusingeweza kuwaandikia walimu na wauguzi somo hili tukajiruka sisi wenyewe. Kanisa katika nchi nyingi lilifanya kile kile walichofanya wazee wa kikao: lilinyamaza, likamhamisha mkosaji, likalinda jina lake kuliko mtoto. Aibu hiyo ni yetu, na Baba Mtakatifu Fransisko hakuifunika. Tarehe 7 Mei 2019 alitoa barua ya kitume "Vos estis lux mundi," akaithibitisha kwa marekebisho tarehe 25 Machi 2023. Kwa barua hiyo kila kleri na kila mtawa, akipata habari au sababu za msingi za kuamini kwamba mtoto ameharibiwa na kleri au mtawa, au kwamba mkubwa ameficha jambo hilo, analazimika kutoa taarifa mara moja kwa askofu wa mahali au kwa mkuu mwingine mwenye mamlaka. Mlei naye aweza kuleta taarifa hiyo. Anayeileta asiadhibiwe wala kubaguliwa kwa ajili yake. Na yeye, mtoto na mashahidi wasifungwe na amri yo yote ya kukaa kimya. Desemba 2019 Baba Mtakatifu aliondoa pia ile siri ya kipapa iliyokuwa ikifunika kesi za namna hii. Na katika kitabu cha sita cha Sheria za Kanisa, kilichoanza kutumika upya tarehe 8 Desemba 2021, kanuni ya 1371 yaagiza aadhibiwe mtu anayeacha kutoa taarifa ya kosa pale sheria ya Kanisa inapomlazimisha.

Kumwambia askofu hakumalizi wajibu wa kumwambia Serikali. Barua ile yasema wazi kwamba haiondoi haki wala wajibu uliowekwa na sheria za nchi, hasa wajibu wa kuwapasha habari wakuu wa serikali. Basi sista mwalimu katika shule ya jimbo, akijua kwamba mlezi wa bweni amharibu mwanafunzi, asijitulize kwa kusema, "Nimemwambia Mama Mkuu." Amefanya vema, lakini amefanya nusu.

Lipo jambo moja tu ambalo padre hawezi kulisema kamwe, nalo ni lile alilolisikia katika Sakramenti ya Kitubio. Siri hiyo haivunjwi kwa ajili ya mfalme, wala kwa ajili ya hakimu, wala ili kuokoa maisha ya padre mwenyewe; anayeivunja moja kwa moja ametengwa na Kanisa papo hapo. Serikali nyingine zimejaribu kuigusa. Jimbo la Victoria huko Australia, kwa mfano, tangu mwaka 2020 sheria yake yawataka mapadre watoe taarifa hata ya mambo ya kitubio. Mapadre hawataweza kutii hilo. Lakini msomaji asidhani kwamba siri ya kitubio ni pango la kuficha wahalifu. Siri yafunga yale tu yaliyosemwa katika maungamo. Mazungumzo ya ofisini, maneno ya mtoto uwanjani, malalamiko ya mama aliyekuja kuomba ushauri, hayo si kitubio, na padre asijifiche nyuma ya stola asiyoivaa.

Na mtoto akiungama jambo alilotendewa, akilidhani ni dhambi yake? Hutokea hivyo, na ni jambo la kuhuzunisha kuliko mengi tunayoyasikia. Hati ya Idara ya Toba ya Kitume, ya Juni 2019, yatoa mwongozo: muungamishi amweleze aliyedhuriwa haki zake na njia halali za kupeleka malalamiko, ya kiraia na ya kikanisa. Amwambie mtoto, kwa upole, kwamba hana kosa. Kisha amwombe amweleze neno lile lile mama yake, au mwalimu anayemwamini, au yeye padre mwenyewe, nje ya kitubio. Kwa mkosaji, hati hiyo hiyo yakataza kuweka sharti la kujipeleka polisi ili apate ondoleo. Lakini pasipo majuto ya kweli na nia thabiti ya kujirekebisha hakuna ondoleo, na mtu anayesema atarudi kulala chumba kimoja na mtoto yule hajatubu.

Siku ya kuona alama

Sasa tumfikirie mwalimu wa darasa la tatu. Mwanafunzi aliyekuwa mchangamfu amekuwa bubu. Hataki kwenda nyumbani kengele ikilia. Siku ya Jumatano asema, "Mwalimu, nikikwambia kitu, hutamwambia mtu?" Jibu la kwanza ndilo gumu. Mwalimu asitoe ahadi hiyo, kwa maana hataweza kuitimiza, na mtoto aliyesalitiwa mara ya pili hasemi tena. Amwambie, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia." Kisha anyamaze, asikilize. Asiulize maswali ya kumwongoza, kama, "Ni baba mdogo, siyo?" Asimrudishie mara tatu aseme tena mbele ya walimu wengine, kila marudio yamwumiza, na mawakili hutumia tofauti ndogo za maneno. Asimchunguze mwili, hiyo ni kazi ya mganga. Jioni ile ile aandike maneno ya mtoto kama yalivyotamkwa, pamoja na tarehe na saa, asiyapambe.

Amweleze mwalimu mkuu, lakini mwalimu mkuu akisema, "Tuliache, shule yetu itapata sifa mbaya," wajibu haukuishia mlangoni pa ofisi hiyo. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambapo askari wamefundishwa kusema na mtoto. Vijijini yupo mtendaji wa kijiji au wa kata, naye afisa ustawi wa jamii yuko halmashauri. Tena mpango wa taifa uliozinduliwa Desemba 2016, ulioitwa MTAKUWWA, uliweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hata kwenye vijiji na mitaa. Simu namba 116 ni ya kupokea habari za watoto, na kuipiga ni bure.

Kwa mganga wa zahanati, fomu ya polisi namba 3, ile ambayo watu wote huiita PF3, hutumika katika kesi; lakini mtoto anayetoka damu atibiwe kwanza, na fomu ifuatwe. Aandike katika kumbukumbu za mgonjwa kile anachokiona, ukubwa wa jeraha na mahali lilipo, pamoja na maelezo ya aliyemleta, hata kama maelezo hayo hayalingani na jeraha. Hasa kama hayalingani.

Mwenye kutoa taarifa aulize jina la afisa aliyeipokea, na tarehe aiandike. Ikipita juma moja na hakuna aliyekwenda kumwona mtoto, arudi mahali pale. Na wakimwambia faili halionekani, aende ngazi ya juu, kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au kwa mkuu wa polisi wa wilaya, akiwa na nakala ya maandishi yake mkononi.